Chungu cha Minyoo Nyumbani kwa Suzanne

Mwaka ule wa 1956 kiangazi kilikuwa kirefu kule Baraka, kando ya ziwa. Kila asubuhi Suzanne alibeba beseni lake akateremka ufukweni. Wanaume walikuwa wakivuta wavu kwa kamba ndefu huku wakiimba. Wanawake walingoja ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, na walipokuwa wakingoja walisengenya kidogo, maana asubuhi bila habari haichangamki.

Suzanne alikuwa mke wa Albert. Majirani waliwaita Mama Henri na Baba Henri, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, ambaye alikwisha kuoa na kuhamia Mboko.

Zamani kidogo Albert alikuwa mvuvi hodari wa lusenga. Lusenga ni wavu wenye mpini mrefu. Mvuvi hupiga goti mtumbwini, huwasha moto usiku, na ndakala wakifuata mwanga huwachota. Lakini msimu uliopita watu walikuwa wakiburuta mtumbwi nchi kavu, ukateleza, ukamwangukia mguuni. Mfupa uliunga, ila goti lilikataa kukunjika. Mtu asiyeweza kupiga goti hana kazi mtumbwini.

Tangu siku hiyo Albert alishinda mkekani ameegemea ukuta. Alikula nusu ya chakula. Aliomba mlango wa upande wa ziwa ufungwe. Ukimwamkia aliitikia, kisha basi. Suzanne alikuwa na mume nyumbani mchana na usiku, na bado alimkosa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kazi zote.

Asubuhi moja wavu ulileta maganda mengi ya konokono kutoka chini ya ziwa. Wavuvi waliyatupa pembeni. Suzanne akaokota machache, akayatia katika beseni lenye maji. Alitaka kuyaponda awape kuku wake, ili mayai yawe na ganda gumu.

Alipofika nyumbani aliweka beseni chini, karibu na mkeka. Akainama atoe ganda la kwanza. Akaruka nyuma.

"Baba Henri! Hii konokono iko na macho!"

Albert akageuza kichwa polepole. Akatazama ndani ya beseni.

"Haiko konokono," akasema. "Ni samaki. Hii ganda njo nyumba yake."

Kweli, kisamaki kidogo, hakizidi kidole, kilikuwa kimechungulia nje ya ganda. Suzanne alipokisogezea mkono, kisamaki kilitoka mbio, kikamgonga kidole, kikarudi ndani ya nyumba yake. Kikachungulia tena, kana kwamba kinauliza kama ameelewa.

Albert akacheka.

Suzanne alisimama pale kama aliyepigwa na radi. Hakuwa amesikia kicheko kile tangu mtumbwi ulipoanguka. Kuku hawakupata maganda yao siku hiyo.

Samaki walikuwa watatu. Suzanne aliomba dukani chupa pana ya kioo, ile ambayo wenye duka huwekea peremende. Wakatandaza mchanga, wakapanga maganda, wakajaza maji ya ziwa. Samaki mkubwa kuliko wenzake aliwafukuza wote mlangoni pake. Albert akamwita Chef, yaani chifu, kwa sababu alikuwa mdogo wa mwili na mkubwa wa amri.

Chupa iliwekwa kando ya mkeka. Kesho yake Albert alianza kusema.

"Mama Henri, kuya uone! Chef anabeba muchanga na kinywa. Anajenga lupango ya kuzunguka nyumba yake!"

Majirani walisikia sauti yake, wakaja kuona samaki. Albert aliwaeleza. Waliouliza aliwajibu, na wasiouliza aliwajibu pia. Suzanne akiwa jikoni alisikia sauti ya mumewe, akatia chumvi mara mbili katika mboga kwa furaha.

Lakini samaki hawaishi kwa sifa. Lazima wale. Na katika nyumba za Baraka mgeni ambaye hakula bugali hajala kitu, hata kama umempa ndizi na samaki na karanga. Basi kila jioni Suzanne alimega donge la bugali ya muhogo, akalitia ndani ya chupa.

"Kula, Chef," alisema. "Hapa kwetu hatunyimi muntu."

Chef hakula. Bugali ililala juu ya mchanga. Maji yakageuka meupe kama uji, yakaanza kunuka. Suzanne aliona hawakushiba, akaongeza bugali.

Marie, dada yake Albert, alikuja akaziba pua.

"Wifi yangu," akasema, "wahenga walisema mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Hawa bako siku ngapi? Hawalimi, na wananuka."

Siku iliyofuata samaki mmoja alielea tumbo juu. Albert alimtoa kwa vidole viwili, akamtazama sana. Akageukia ukuta. Chakula cha jioni alikula nusu, kisha akasukuma sahani.

Suzanne aliosha vyombo huku machozi yakimdondoka. Alikuwa akifikiri hivi: samaki hawa wakifa, na mume wangu anaondoka nao.

Aliona haya kwenda kuuliza watu. Nani anauliza namna ya kulisha samaki Baraka, mahali ambapo samaki ndiye anayelisha watu? Lakini mficha uchi hazai. Asubuhi alibadilisha maji ya chupa, akajifunga kitenge, akaenda kwa jirani yake Godelieve.

Godelieve alikuwa ameishi Uvira miaka mingi. Mume wake alifanya kazi kwa Wazungu waliochunguza samaki wa ziwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyewalisha samaki wale katika vioo vyao. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mikono mikubwa, na hakuna aliyepita mbele ya nyumba yake bila kutaniwa.

"Mama Henri! Leo jua limetokea wapi, mpaka wewe unafika kwangu?"

"Yaya Godelieve, dada yangu, samaki zetu zinakufa. Ninawapa bugali, hawataki."

Godelieve akacheka mpaka akashika mlango.

"Bugali! Mama, ile samaki iko muwindaji. Inakulaka kintu kiko hai, kinacheza. Ukimupa bugali, kwake ni jiwe. Halafu jiwe linaoza, linaharibu maji. Haikufa na njaa tu. Ilikufa na uchafu."

"Kumbe mi njo nilimuua."

"Ulimuua na roho muzuri. Usilie. Tutatafuta chakula yao ya kweli. Tutafuga minyoo."

Suzanne alifikiri hakusikia vizuri. "Tutafuga nini?"

"Minyoo. Minyoo ndogo nyeupe ya udongo. Na vidudu vya kufuga juu ya makala ya kupikia. Twende kwa migomba yako."

Nyuma ya nyumba ya Suzanne kulikuwa na migomba, na chini yake vigogo vilivyooza. Godelieve alifunua kigogo kimoja. Kwenye udongo mweusi wenye unyevu kulikuwa na minyoo myeupe, myembamba kama uzi, mifupi kama punje ya mchele. Juu ya majani yaliyooza kulikuwa na vidudu vidogo sana, vyeupe. Ukivigusa vinaruka.

Marie alikuja kuona wanafanya nini. Akapiga yowe.

"Minyoo ndani ya nyumba ya kaka yangu! Juzi tu muganga wa dispansere alitupatia dawa ya kutoa minyoo kwa tumbo, na ninyi munaitia ndani ya chungu?"

"Muganga alisema kweli," Godelieve akajibu. "Minyoo ya tumbo ni adui. Lakini hii haikaake ndani ya tumbo ya muntu. Hii inakulaka majani ya kuoza. Hata vile, ukishika udongo, unanawa mikono na sabuni. Umesikia, Marie? Na sabuni."

Marie alijitazama mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Sasa Godelieve akamwonyesha Suzanne kazi. Walichukua chungu kipana. Wakakijaza nusu kwa udongo laini wa migombani, wakitoa mawe na siafu. Wakanyunyiza maji kidogo.

"Kamata udongo, ukamue," Godelieve akasema.

Suzanne akakamua. Matone ya maji yakatoka kati ya vidole.

"Maji imezidi. Ongeza udongo mukavu. Sasa kamua tena."

Udongo ukashikana, na maji hayakutoka.

"Njo vile. Minyoo inataka unyevu, haitaki kuogelea. Sasa utie minyoo. Halafu utie uji wa mahindi wa kupoa, kidogo kama ukucha wako. Juu ya uji uweke kigae. Minyoo itakuja kula, itapanda chini ya kigae. Pale njo utaivuna. Uji ukiisha, unaongeza. Kama haujaisha, usiongeze. Ukizidisha, itaota ukungu, na inzi watakuja."

Chungu kiliwekwa kivulini, juu ya sahani yenye maji ili siafu wasipande.

Kisha wakachukua kopo kubwa. Wakalijaza vipande vya makaa yaliyooshwa, na maji kidogo chini. Godelieve akayakung'uta majani yaliyooza juu ya bakuli la maji. Vile vidudu vyeupe vikaanguka, vikaelea. Havikuzama.

"Ona! Maji kwao ni barabara," akasema, akavimwaga juu ya makaa. "Hawa utawapa punje chache za muchele. Ukitaka kulisha samaki, unakamata kala moja, unaipiga polepole juu ya chupa. Vidudu vinaanguka juu ya maji. Samaki anapanda kula."

"Na leo watakula nini?" Suzanne akauliza. "Wana njaa sasa."

"Leo utatafuta minyoo moja-moja chini ya vigogo. Lakini ndani ya chungu usichote kwanza. Acha izae."

Suzanne aliosha minyoo michache katika maji safi, akaipeleka ndani. Albert alikuwa bado ameutazama ukuta. Suzanne akaangusha mnyoo mmoja katika chupa. Ukashuka ukijipinda. Chef akatoka gandani kama mshale. Mnyoo haukufika chini.

"Baba Henri," Suzanne akanong'ona. "Alikula."

Albert akageuka. "Nani alikula?"

"Chef. Tazama."

Akaangusha mwingine. Samaki wa pili aliuwahi, Chef akamkimbiza kuzunguka chupa nzima. Albert akajiinua kwa mikono yake miwili.

"Hii minyoo ulitoa wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Kwa migomba. Lakini mi niko na kazi ya kupika," Suzanne akasema. "Sina wakati ya kuitafuta."

Hakuwa na kazi ya kupika. Chungu cha maharage kilikuwa tayari. Lakini Albert alinyoosha mkono akachukua fimbo yake. Akatoka nje kwa mlango wa nyuma, akiuburuta mguu wake mmoja. Akaketi kati ya migomba, akaanza kufunua vigogo. Alirudi jioni na udongo hadi viwikoni.

"Sabuni!" Marie akapaza sauti kutoka kwake.

Siku zikaenda vizuri. Albert alitafuta minyoo, Suzanne alitunza chungu na kopo. Lakini Suzanne alikuwa mama wa nyumba, na mama wa nyumba haoni raha kulisha kiumbe kidogo kama ukucha. Aliona minyoo yake inaonewa. Siku moja alikuwa ametoa muhogo mchungu majini, baada ya kuulowesha mpaka umelainika. Maji yaliyobaki yalikuwa mazito, yana povu. Suzanne akayatazama. Haya yana unono, akafikiri. Akayamimina kidogo juu ya udongo wa chungu, na kipande cha muhogo ule akakitia juu.

Kesho yake aliinua kigae. Minyoo iliyokuwa hai ilikuwa imepanda ukingoni mwa chungu, ikitafuta njia ya kukimbia. Mingine yote ilikuwa imekufa. Harufu ilimpiga usoni.

Godelieve aliitwa. Alinusa mara moja tu.

"Maji ya wapi ulitia?"

"Maji ya muhogo."

"Mama Henri. Tunaloweshaka muhogo juu ya nini?"

"Juu ya kutoa sumu yake."

"Na sumu ikitoka ndani ya muhogo, inaenda wapi?"

Suzanne akakitazama kile kipande cha muhogo. Tangu alipokuwa msichana alikuwa akiwafukuza kuku wasinywe maji yale. Mama yake alimchapa siku mbuzi alipoyanywa. Alilijua jambo hili kabla hajajua kusuka mkeka.

"Mi ni mujinga wa kweli!" akasema, akashika kichwa.

"Haukuwa mujinga. Ulikuwa na haraka ya kushibisha. Uji wa mahindi, muchele, viazi vya kupikwa, hivyo ni sawa. Muhogo muchungu, hapana. Chumvi, hapana. Mafuta, hapana."

Suzanne aliogopa kumwambia mumewe. Chini ya vigogo minyoo ilikuwa imekwisha, maana kiangazi kilikuwa kimekausha ardhi na Albert alikuwa amechimba kila mahali. Alimkuta ameketi karibu na chupa, akamweleza yote bila kuficha. Akangoja ageukie ukuta.

Albert alimgeukia mkewe. Akakuna kidevu.

"Na kopo ya makala?" akauliza. "Ile pia ulitia maji ya muhogo?"

"Hapana. Ile nilisahau."

"Umesahau vizuri."

Akajivuta hadi kwenye kopo. Akalifunua. Makaa yalikuwa meupe kwa vidudu! Albert alichukua kaa moja, akaligonga polepole juu ya chupa. Vidudu vikaanguka vikaelea juu ya maji. Samaki walitazama kutoka chini. Kwanza hawakusogea. Kisha Chef, ambaye hakupenda kuacha mlango wake, alipanda juu, akadokoa kimoja, akakimbia kurudi. Akapanda tena.

"Mama Henri," Albert akasema, "muvuvi hategemei wavu moja. Chungu ya minyoo, tutafanya mbili. Moja ikiharibika, ingine inabaki. Na hapa haiingii maji ya muhogo. Mi mwenyewe nitachunga."

Ile minyoo iliyokuwa imekimbilia ukingoni, Suzanne aliikusanya kwa ncha ya jani, akaiosha, akaigawa katika vyungu viwili vipya. Safari hii Albert ndiye aliyekamua udongo na kupima unyevu. Alikuwa mkali. Suzanne akiongeza uji zaidi ya ukucha, alipigwa kofi dogo mkononi. Haba na haba hujaza kibaba: mvua za kwanza zilipoanguka, kila kigae kilipoinuliwa kilikuwa na minyoo imejisokota kama nyuzi za sweta.

Jioni moja Suzanne alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Akasikia mumewe anapiga kelele hadi njia nzima ikasikia.

"Mama Henri! Acha kutwanga! Kimbia!"

Alikimbia na mchi mkononi, akidhani nyoka ameingia. Albert alikuwa amelala kifudifudi mkekani, pua imegusa kioo.

"Angalia mulangoni pa ganda."

Suzanne akaangalia. Aliona mchanga. Kisha mchanga ukasogea. Vilikuwa visamaki, vidogo kama kope za jicho, vimejaa mlangoni pa ganda la yule samaki wa pili. Chef alizunguka mbele yao, mapezi yamesimama.

"Wamezaa," Suzanne akasema. "Baba Henri, wamezaa ndani ya nyumba yetu!"

Alimkumbatia mumewe, na mchi ukaanguka ukamgonga Albert kwenye mguu ule mgonjwa. Albert alipiga yowe, kisha wakacheka wote wawili mpaka Marie akaja kuuliza nani amefiwa.

Kwa watoto wale Albert alichagua minyoo midogo kabisa, aliyoiona kwa shida. Visamaki vikakua. Watu walikuja hata kutoka Makobola kuvitazama. Lakini chupa ni chupa. Siku ilifika Chef na mkewe wakaanza kuwafukuza watoto wakubwa, na hapakuwa na pembe ya kukimbilia.

"Lazima warudi ziwani," Godelieve akasema. "Mahali pale pale wazazi wao walitoka, siyo pengine. Mubakishe wazazi."

"Nitawapeleka kesho," Suzanne akasema.

Albert alikuwa akitazama chupa.

"Hapana," akasema. "Mi njo niliwalisha."

Asubuhi alishika ndoo ndogo kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono wa pili. Akafungua mlango wa upande wa ziwa, uliokuwa umefungwa muda mrefu mpaka bawaba zikalia. Suzanne alimfuata kwa mbali. Hakuthubutu kumshika mkono.

Ufukweni wanaume walikuwa wakivuta wavu. Walipomwona, wimbo ulikatika. Albert aliwapita bila kuwatazama. Aliingia majini mpaka magotini, akainamisha ndoo polepole. Visamaki vikatoka kimoja kimoja, vikapotea. Akabaki amesimama pale, maji yakimpiga mguu mzima na mguu mbovu sawasawa.

Kisha akageuka, akautazama ule wavu. Uso wake ukakunjamana.

"Ninyi!" akapaza sauti. "Nani aliwafundisha kuvuta hivyo? Kamba ya kushoto imelegea! Samaki wote wanapita kule chini!"

Mzee wa wavu akajifuta jasho.

"Basi kuya uishike mwenyewe, Baba Henri. Kazi ya kamba haitaki magoti."

Watu wakasogea wakampa nafasi. Albert akatupa ndoo mchangani. Akaukita mguu wake mgumu mbele kama nguzo, akaikamata kamba, akaegemea nyuma. Mguu usiokunjika ulishika mchanga kuliko miguu yote pale. Wimbo ukaanza tena, na sauti yake ilikuwa ndani yake. Suzanne alifunika uso kwa kitenge, akalia kwa furaha mbele ya wanawake wote, wala hakujali watakachosengenya.

Adhuhuri Albert alirudi nyumbani amelowa, amebeba ndoo imejaa ndakala, fungu la mvutaji. Alikula bugali yake yote, akaomba nyingine.

"Uniamushe mapema kesho," akasema huku akitafuna. "Kamba haingojake muntu."

"Na minyoo, nani atalisha?"

"Nilishamwambia Marie."

Suzanne akatoka nje kuangalia. Marie alikuwa amechuchumaa kivulini mbele ya vyungu viwili. Alikuwa ameshika udongo kiganjani, anaukamua, na kando yake kulikuwa na kipande kizima cha sabuni.